Kibuyu cha Chuma

Petroli ikichanganyika na maziwa ya mgando hutoa harufu ambayo sijaisikia mahali pengine popote ila nyumbani kwetu Gorong'a. Si harufu ya petroli, wala si ya maziwa. Ni kitu cha tatu, chenye utamu wa kuudhi, kama kidonda kilichofungiwa kitambaa kikasahauliwa. Kiangazi kile ninachotaka kukieleza, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo, harufu hiyo ilikuwa kwenye kila kitu: kwenye ugali, kwenye kanga ya mama, kwenye nywele zangu, hata kwenye ndama, maana baba aliwapapasa kwa mikono ileile aliyotoka kushikia injini. Nimeandika sentensi hizi nikazifuta, nikaziandika tena, nikihofia kwamba msomaji ataona natia chumvi. Sitii. Hadi leo, gari likisimama karibu nami sokoni Tarime na dereva akafungua kifuniko cha tangi, mate hunijaa mdomoni, yale mate mabaya yanayotangulia kutapika, na huanza kutafuta mahali pa kunawa mikono ingawa sijashika kitu.

Kabla ya petroli kulikuwa na vibuyu. Mama yangu alijulikana kwa vibuyu. Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani kwamba kibuyu cha maziwa huoshwa kwa maji kama sufuria. Maji hukiozesha. Mama alikisuuza kwa mkojo wa ng'ombe uliokingwa asubuhi, ungali na joto lake, akakitikisa, akaumwaga, akakianika juani mpaka kikauke kabisa. Kisha alichukua kijiti cha mzeituni mwitu, akakichoma hadi ncha ikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua kuta kwa kuzungusha mkono taratibu, mpaka moshi mwembamba wa buluu ukatoka mdomoni. Moshi huo ndio unaoyapa maziwa ladha na kuyazuia yasiharibike. Ukiuzidisha, maziwa yanakuwa machungu, ukiupunguza, yananuka. Mama hakupima kwa macho. Alisogeza pua kwenye mdomo wa kibuyu, akafumba macho, akavuta pumzi, na kisha ama alikitundika ukutani, ama alisema neno moja tu: "Bado." Akisema bado, kazi inaanza upya, na hakuna mtu aliyewahi kubishana naye. Mabinti waliokuwa wakiolewa hata Ringwani, ng'ambo ya mto Mara, waliondoka kwao na vibuyu vilivyopita mkononi mwake. Mimi nilikuwa mtoto wa kuogopa uchafu, mtoto wa kunusa kikombe kabla ya kunywa, na niliamini kwamba hakuna mahali safi duniani kuliko ndani ya kibuyu cha mama.

Baba yangu, Marwa, alikuwa amekwenda vitani na huko alipewa kazi ya kupeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Alirudi na koti zito la askari na ugonjwa wa pikipiki ambao haukumtoka. Mzungu mmoja wa mgodi wa dhahabu alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, baba alimpelekea fahali wake mzuri kuliko wote, akarudi anasukuma pikipiki. Haikuwa mpya. Ilikuwa kuukuu kabla hata ya vita kuanza, na huo ndio uliokuwa uzuri wake machoni pa baba. Tangi lake lilikuwa la kijani kilichokolea, limechorwa mistari ya dhahabu iliyofifia. Kiti chake cha ngozi kilikuwa na umbo la matandiko ya farasi. Na ilipowaka ilitoa mlio mzito, wenye nafasi kati ya pigo moja na jingine, kama mzee anayekohoa kwa heshima. Naungama kwamba mwanzoni niliupenda mlio huo. Aliponipakia mbele yake tukashuka kuelekea mtoni, nilifikiri nina baba ambaye hakuna mtoto mwingine anaye. Nalisema hili ili nisionekane kwamba nilizaliwa na chuki.

Alikuwa na wenzake wawili. Wambura wa Ringwani alikuwa mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, mwenye pikipiki iliyoungwa kibehewa cha abiria ubavuni. Nyamhanga wa Machochwe alikuwa mnene, mcheshi, mwenye pikipiki ndogo iliyokwanguliwa na miiba ya porini, na alikuwa akisimulia jinsi simba wa upande ule wanavyosimama kuisikiliza ikipita. Watatu hao walijiita Wenye Chuma. Walikuwa na sheria zao. Kitu chochote kilichotoka na pikipiki kiwandani hakibadilishwi kwa kipya, hata kama ni skrubu. Rangi haiguswi. Chakavu kinatunzwa kibaki chakavu. Mwalimu mmoja kijana alipokuja na pikipiki yake mpya inayong'aa, wakaizunguka kwa adabu, wakaitikia shikamoo yake, halafu Nyamhanga akamwambia, akimwita mura kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "Baiskeli yako ina kikohozi, mura. Ipeleke ikapate dawa." Mwalimu aliondoka masikio yamemwiva, na nyuma yake wakacheka mpaka Wambura, aliyekuwa hacheki hovyo, akajifuta machozi.

Ningependa niweze kueleza mapenzi yao bila kinyaa, lakini nimejaribu nikashindwa. Kila kitu kilichokuwa cha mama kilikuwa chombo chao. Kabureta iliroweshwa kwenye beseni la kukandia. Petroli ilichujwa kwa kitambaa cha kichwa cha mama, kikarudi na duara jeusi katikati, nalo halikutoka hata kwa majivu. Kwa kuwa hawakuamini mafuta ya dukani, kiti cha ngozi walikipaka siagi, kama watu wa zamani walivyolainisha ngozi za kulalia, na siagi ile ikachacha juani, ikageuka njano, ikaota utando, inzi wakatua juu yake wakanasa na kufa na miguu yao juu. Baba aliwachomoa mmoja mmoja kwa ukucha. Kisha aliingia ndani kula, bila kunawa vizuri, na ule ukucha ulizama kwenye ugali tuliokuwa tunakula pamoja. Nilikuwa naona alama ya dole gumba lake, nyeusi, kwenye tonge jeupe. Wambura alikuwa na tabia ya kuchovya kidole kwenye mafuta machafu ya injini, kukilamba, na kutikisa kichwa kama anayeonja asali ili kujua nyuki wamekula maua gani. "Yamechoka haya," alikuwa akisema, meno yake yakiwa meusi. Halafu alipokea kibuyu kutoka kwa mama na kunywa, na mimi nilikuwa nakiangalia kile kibuyu, najua kwamba mama ataanza upya.

Mambo yalifikia pabaya kwa sababu ya kengele. Watu wetu humsifu fahali. Mwenye fahali humpa jina, humwimbia majigambo, na fahali anayestahili huvaa kengele shingoni ili ng'ombe wengine wamfuate. Wenye Chuma walichukua desturi hiyo wakaifanyia pikipiki. Kila baada ya mavuno walikutana kwa mmoja wao, wakazisimamisha pikipiki uani, wakazipigia majigambo, wakaziwasha, wakazisikiliza, na ile iliyoshinda ilifungwa kwenye usukani kengele iliyovuliwa kwa fahali wa baba yake Wambura. Mpaka mwaka ule ilikuwa imekwenda Ringwani na Machochwe, ikarudi Ringwani, lakini haijawahi kulala Gorong'a. Zamu ya kukutana ilikuwa yetu. Baba alianza kulala usingizi wa mang'amung'amu.

Na pikipiki yake ilikuwa inaumwa. Ilikuwa inawaka, inatembea kidogo, inazima. Baba alifungua bomba la petroli akakuta unga mwekundu wa kutu. Tangi lilikuwa linaoza kwa ndani. Kulibadilisha ilikuwa mwiko. Alitia changarawe ndani akalitikisa kutwa nzima, kama mwanamke anayetikisa maziwa atoe siagi, na kutu ikaendelea kutoka. Siku moja kabla ya mkutano, wenzake walikuwa wameshafika, wamekaa kivulini mwa ghala wakinywa uji wa mtama, naye akatoka ndani akiwa amelibeba tangi kifuani. Alikuwa anatabasamu. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokuwa mama.

"Mama Robi," alisema, akimwita kwa jina langu, "nimekuletea kibuyu cha chuma. Kimechacha. Kitengeneze."

Mama alimtazama akidhani ni mzaha. "Hiki hakijawahi kutiwa maziwa."

"Kilitiwa petroli. Nimeimwaga yote. Tikisa, usikie. Kitupu."

Nyamhanga alipiga goti lake kwa furaha. "Marwa, mura, una akili! Kwa nini hatukufikiria hilo siku zote?"

Na kweli walifikiri ni akili. Hiki ndicho ninachotaka msomaji akielewe, maana nimekutana na watu wanaosema kwamba walikuwa wapumbavu tu. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wameona vibuyu vilivyooza vikipona mkononi mwa mama, na walikuwa wamezizoea pikipiki zao kama ng'ombe kiasi kwamba dawa ya ng'ombe na maziwa iliwajia yenyewe. Mama naye hakuwa na njia ya kukataa. Kwetu, mke hamkatalii mumewe mbele ya wageni waliokwisha kunywa uji wake. Angeweza kumwambia faraghani, lakini baba hakumpa faragha.

Akalisuuza tangi kwa mkojo wa ng'ombe, mara baada ya mara, na mkojo ukatoka mwekundu kama udongo wa kichuguu. Akalianika juu ya paa la banda la ndama. Jua lilipoanza kuinama baba akalishusha mwenyewe, likiwa na joto, akamwekea mama mapajani. Kijiti cha mzeituni kilikuwa tayari motoni. Mama akainamisha kichwa, akaweka pua kwenye mdomo wa tangi, akafumba macho, akavuta pumzi. Uso wake ulijikunja.

"Bado," alisema.

Hapakuwa na mtu aliyewahi kubishana na neno hilo.

"Bado nini?" baba aliuliza.

"Kuna kitu ndani. Kinakaba koo. Liache juani kesho na kesho kutwa."

"Kesho ndiyo siku yenyewe, mama watoto."

"Nimesema bado."

Wambura alicheka kwa pua. "Hiyo pua ni ya maziwa, shemeji. Ya petroli tunazo sisi." Akainuka, akaja, akanusa, akatikisa kichwa kwa uhakika kama alivyokuwa akifanya akilamba mafuta. "Safi. Tia moto." Na Nyamhanga kutoka kivulini akaongezea, "Marwa, mbona mkeo anamwogopa ndama wako wa chuma?" Wakacheka wote, na baba akacheka kuliko wao, kicheko kilichokuwa kinamtazama mama.

Mama akakichukua kijiti.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu mnene aliyekohoa mara moja ndani ya pipa. Moto ulitoka kwenye mdomo wa tangi, wa buluu kwanza, kisha wa njano, ukamvaa mama mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, ukamlamba shavu na nyusi. Tangi liliruka kutoka mapajani mwake, likaanguka uani, likaviringika, moto mdogo bado ukitoka mdomoni kama ulimi. Ng'ombe walivunja ua wa miiba. Kisha nikawaona wanaume watatu wanakimbia, nao hawakukimbilia kwa mama. Baba alivua lile koti lake la vita akalitupa juu ya tangi, akalilalia kwa kifua chake ili moto ufe. Wambura alipiga magoti, akafunua koti, akaligeuza tangi upande na upande, akaligonga kwa ukucha, akaweka sikio.

"Halijapasuka," alisema.

"Halijapasuka?" baba aliuliza, akihema.

"Limevimba kidogo hapa ubavuni. Lakini halijapasuka hata kidogo. Chuma cha zamani hicho, mura! Haya ya siku hizi yangebaki vipande."

Nyamhanga alipitisha kiganja kwenye ule uvimbe, taratibu, kama mtu anayepapasa nundu ya fahali, na akaanza kulipigia majigambo pale pale, kwa sauti ya chini kwanza.

Mama alikuwa bado amekaa, mkono ameuinua mbele yake, anautazama. Ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hakulia. Mimi ndiye niliyepiga kelele, na kelele zangu zikawaleta wanawake wa jirani. Mmoja wao alishusha kibuyu kikubwa, akamimina maziwa ya mgando kwenye beseni la karibu, akauzamisha mkono wa mama humo. Lilikuwa lile beseni la kabureta. Juu ya maziwa meupe yakaanza kuelea maduara ya mafuta, yenye rangi za upinde wa mvua, yakizunguka kifundo cha mkono wake. Ndiyo harufu niliyoanza nayo.

Wanawake walisema apelekwe zahanati ya misheni, na kibehewa cha Wambura kilikuwa pale pale uani. Siwezi kusema kwamba alikataa. Alisema, "Naam, naam, apakiwe," kisha akakumbuka kiti cha kibehewa, ngozi ambayo haijawahi kubadilishwa, akasema kwanza itafutwe ngozi ya ng'ombe ya kutandika, maana maziwa yakiingia kwenye mshono hayatoki. Akaenda kutafuta ngozi. Ile aliyopewa ilikuwa na manyoya yanayopukutika, akaomba nyingine. Alipopata iliyomridhisha, wanawake walikuwa wameshamweka mama kwenye kitanda cha kamba, wamekiinua mabegani, wako mbali kwenye njia ya vumbi.

Asubuhi yake, mama akiwa misheni, baba alirudisha tangi mahali pake na pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza. Moto ulikuwa umemaliza kutu. Ilinguruma kuliko siku zote. Wenzake walisikiliza, wakatazamana, na bila kubishana wakafunga kengele kwenye usukani wake. Nilikuwa ndani, nimejifunika kichwa kwa kanga ya mama, na bado niliisikia ikilia kupitia ukutani kila injini ilipotetemesha usukani. Baba alikwenda misheni na pikipiki hiyo mchana, na kengele yake. Aliamini, nadhani, kwamba anampelekea habari njema.

Vidole vya mama vilipona vikiwa vimeshikana, vimepinda kuelekea kiganjani, na kijiti hakikukaa tena mkononi mwake. Vibuyu vikawa vyangu. Alikaa kando yangu, nami nikasugua, nikampelekea puani, na akasema bado. Nikasugua tena. Bado. Nililia kwa hasira, nikamwambia hakuna tofauti. Alinirudishia tu kibuyu kwa mkono wa kushoto. Shuleni sikukaa sana, na kuandika nimejifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Lakini huu mkono wangu usioridhika, unaofuta kurasa nzima kwa ajili ya neno moja, ulifundishwa pale. Kila ninapomaliza sentensi nasikia pua yake inavuta pumzi.

Sasa wale wazee wamepungua. Wambura amekufa. Pikipiki za siku hizi ni nyepesi, zinapiga kelele nyembamba, na hakuna anayezipigia majigambo. Vijana huziendesha mpaka zife, huzing'oa vipande, huziacha. Wapo wanaosikitika kwamba watu hawapendi tena vitu kama zamani. Mimi nikitazama kijana akitupa kabureta mbovu jalalani halafu akaenda kunawa, moyo wangu hupoa.

Lakini wapendao zamani hawajaisha. Msimu uliopita walikuja wawili kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, wamevaa makoti ya ngozi kwenye jua kali, wakisema wamesikia kuna mzee ana pikipiki ya kabla ya vita. Baba akawatolea. Walipiga magoti uani, pale pale. "Hii kitu ni safi sana, mzee," mmoja alisema, na mkono wake ukapita kwenye tangi ukasimama juu ya ule uvimbe. "Na hapa ilifanya nini?"

"Vita," baba alisema. "Ni alama ya vita."

Wakalipapasa kwa zamu, wakiliita kovu, wakisema ndilo linaloipa thamani. Mama alikuwa ametoka na kibuyu cha wageni, amekibeba kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umekunjika kifuani. Mgeni mwenye kamera alimpungia kwa upole kabisa, akisema, "Mama, samahani, sogea kidogo. Kivuli chako kinaangukia tangi."

Mama akasogea. Nilimwona baba akiangalia chini, kwenye tairi la mbele, na akabaki akiliangalia. Mimi nilikwenda kwenye usukani, nikaifungua kengele, ambayo tangu mwaka ule haikuhama tena kwetu, kamba yake ikiwa imegandamana kwa siagi iliyooza kiasi kwamba ilinibidi niikate kwa meno. Ladha hiyo nimekuwa nayo mdomoni hadi leo. Wageni walidhani nawasaidia, ili picha ionekane vizuri. Nikaenda nayo zizini, nikamvisha shingoni fahali wetu mdogo mwekundu, nikamfungulia aende malishoni.

Walipoondoka, baba aliuliza, bila kutuangalia, "Kengele iko wapi?"

Mama alikuwa amekichukua kibuyu walichonywea wageni, amekisogeza puani. Alifumba macho, akavuta pumzi, akaninyoshea.

"Bado," alisema, na huko malishoni kengele ikalia.